Kilima Chetu Kwenye Rafu ya Ulaya

Ufunguo wa kabati la vitabu ulikaa mfukoni mwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa na suruali moja tu ya kazi. Akipita dirishani tulikuwa tunausikia ukigongana na sarafu. Shule yenyewe nitaiacha bila jina, maana ndiyo iliyonifunza kusoma na sina haja ya kuiaibisha. Lakini kabati lile lilifunguliwa mkaguzi alipokuja na likafungwa alipoondoka, hata sisi watoto wa Salaita tukaamini kwa dhati kwamba vitabu ni mali ya wakaguzi.

Cha kwanza nilikipata kwa bahati. Nilitumwa chaki, nikapewa ufunguo, na chini ya ramani ya Afrika iliyoliwa na mchwa nikakuta kijitabu chembamba cha ufugaji wa kuku. Ndani ya jalada palikuwa na mhuri wa wino wa zambarau: East African Literature Bureau. Nilikitia shatini, nikakisoma machungani chini ya mgunga, nikakirudisha siku nyingine nilipotumwa tena. Kuku wetu hawakunufaika hata kidogo.

Maana ya mhuri ule niliijua nikiwa mtu mzima. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 1948, wakati wa ukoloni, ichapishe vitabu vya watu wa Afrika Mashariki, vingine kwa Kiswahili na lugha za wenyeji. Pamoja na kuchapisha, ilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni na kwenye kumbi za jamii, na aliyekaa mbali zaidi aliweza kuazima kwa posta. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903. Nairobi ilikuwa na McMillan tangu 1931, ila Mwafrika alizuiwa kuingia mle hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kwa watu wa huku kwetu, kati ya Tsavo na Kilimanjaro, maktaba ilianza ikiwa sanduku. Nadhani kijitabu changu cha kuku kilitoka ndani ya mojawapo, kikasahaulika, kikaishia kabatini.

Sheria iliyounda Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipitishwa mwaka 1965, Uhuru ukiwa na miaka miwili tu. Mimi niliigundua huduma hiyo kwa sababu shangazi yangu aliolewa Wundanyi.

Asiyejua jiografia yetu anisikilize kidogo. Salaita ni nyanda kavu upande wa Taveta, udongo mwekundu, jua la kupasua kichwa, na kilima kimoja kifupi ambacho mgeni anaweza kukipita asikione. Wundanyi iko juu ya milima ya Taita, kwenye ukungu na migomba. Ukitoka huku siku hizo ulipanda pikapu, ukala vumbi hadi Maktau, ukaomba ndovu wasisimame barabarani, ukapita Bura, ukashuka Mwatate, kisha ukaanza kupanda kona baada ya kona mpaka masikio yakazibuka. Nilifika nikiwa na rangi ya tofali. Shangazi alinitazama akasema, "Wewe huingii nyumbani mwangu hivyo," akanimwagia maji nyuma ya jiko, akanivisha sweta la binamu yangu.

Na mkutubi wa maktaba ya Wundanyi naye, kesho yake, kabla hata ya salamu kwisha, aliniuliza kama nimenawa mikono.

Nayakumbuka mambo madogo ya chumba kile kuliko vitabu vyenyewe. Sakafu iling'arishwa kwa nta ukaogopa kuikanyaga. Mhuri wa tarehe ulikuwa na magurudumu madogo ya namba. Mama mkutubi aliyazungusha kwa kidole gumba, akaukandamiza kwenye kidau cha wino, halafu ukasikika: ta! Nyuma ya kila kitabu palibandikwa karatasi ya tarehe hizo, na mimi nilizoea kuzisoma kwanza kabla ya jina la kitabu, nijue nani, yaani lini, amenitangulia. Kitabu kimoja kilikaa miaka mitatu bila kuguswa. Nilikihurumia nikakiazima, kilihusu hesabu za uhasibu.

Ili upate kadi ulihitaji mdhamini. Mume wa shangazi alitia saini huku akinionya kwamba kitabu kikipotea atakikata kwenye mahari ya dada yangu.

Siku ya tatu nilijipa moyo. "Mama, kuna kitabu chochote kinachotaja Salaita?"

Nilikuwa nimeshatafuta mwenyewe kwenye 967.62, namba ya historia ya Kenya, nikakuta Waingereza, Mau Mau, reli, Wamasai, na habari za wanasiasa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Salaita hapana. Mama yule alifikiri, akanishika bega, akanipitisha mbele ya rafu ile na nyingine mbili, akasimama kwenye 940.

Inafaa nieleze. Namba hizo zilipangwa mwaka 1876 na Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, aliyeigawa elimu yote ya binadamu mafungu kumi kama mtu anayegawa keki. Fasihi yote ya Kiswahili, tangu tenzi za kale hadi riwaya ya juzi, imebanwa kwenye 896.392, nyuma ya nukta. Historia ya Afrika nzima ikapewa 960. Na 940 ni Ulaya. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vimo humo, ndani ya Ulaya, hata pale vilipopiganwa nyuma ya zizi la mbuzi wa babu yangu.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, jalada la kijani, jina lake limenitoka. Kilikuwa na ramani, na kwenye ramani palikuwa na alama ndogo ya kilima, pembeni pameandikwa Salaita. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimekipanda kilima kile mara mia kutafuta mbuzi, na hakuna siku nilidhani kinaweza kuandikwa. Nilikiona kikiwa na mishale, mishale ya majeshi, ikielekea kwenye mawe ninayoyajua kwa nyayo.

Kwa ufupi, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia Salaita. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuja huku ili kuleta askari na chakula, na maji wakayaleta kwa bomba kutoka Bura. Tarehe 12 Februari 1916 wakakishambulia kilima, mbele wakiwa askari wageni kutoka Afrika Kusini ambao hawakuwa wamewahi kupigana na askari weusi wa Mjerumani na hawakuwahesabu kitu. Walipigwa. Zaidi ya mia moja na thelathini kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na kilichowaokoa wasiangamie ni kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi, watu walewale waliokuwa wakiwaita makuli. Husimuliwa kwamba baadaye Wabaluchi waliwarudishia bunduki ya rashasha waliyoiacha vitani, na salamu fupi ya kuomba wasiitwe hivyo tena. Mwezi uliofuata jeshi kubwa la Jenerali Smuts lilizunguka kwa pembeni, Wajerumani wakakiacha kilima wenyewe.

Nilikiazima kwa wiki mbili. Kikakaa Salaita karibu miezi miwili, maana mvua ziliponyesha barabara ilikatika na pikapu hazikupita. Faini nilistahili, nikailipa. Lakini jioni hizo nilimsomea babu. Yeye mwaka 1916 alikuwa kijana mdogo wa kuchunga, tena walikuwa wamekimbilia mbali na mizinga. Nilisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, nikamtolea kwa Kiswahili, taa ya chemni ikivuta moshi katikati yetu. Alisikiliza majina ya majenerali bila kusema neno. Nilipofika mwisho wa sura akauliza, "Na wapagazi?"

Nikarudi nyuma nikatafuta. Walitajwa katika sentensi moja, pamoja na nyumbu.

"Baba yangu alibeba sanduku la risasi kutoka Maktau," akasema. "Halimo jina lake humo?" Halikuwamo. Ndipo akaanza kunieleza ya kariakoo. Nilikuwa nalijua neno hilo kama soko la Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Sikujua kwamba linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililosagwa na midomo ya watu waliolazimishwa kuingia humo. Akanieleza pia ya Wakasigau, waliohamishwa na Waingereza mwaka 1915 hadi Malindi kwa kushukiwa kuwasaidia Wajerumani, na wengi wakafia huko kwa maradhi na njaa. Kijana mwenye akili angechukua kalamu. Mimi nilikuwa na usingizi.

Kitabu kilirudi Wundanyi. Babu alifariki nikiwa chuo cha ualimu.

Mambo yaliyofuata nitayapitia mbio. Nilifundisha miaka mingi, na kila niliposhuka Voi au kupanda Wundanyi nilipitia maktaba. Mwaka 1996 tulisikia kwamba Garissa vitabu vinapelekwa kwa wafugaji juu ya migongo ya ngamia, nikaona wivu: sisi tuna ndovu tele na hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba kamusi. Katiba ya 2010 ikaziweka maktaba kwenye orodha ya kazi za kaunti. Lami ikatandazwa kutoka Mwatate hadi Taveta, na safari iliyokuwa ikinigeuza tofali sasa naimaliza shati likiwa jeupe. Voi ikapata treni mpya ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017. Ile reli ya vita iliyopita Maktau imelala majanini. Na simu ikaja. Leo mtoto wa Salaita akiandika jina la kilima chake kwenye simu anaona ramani, picha za makaburi ya askari pale Taveta, hata riwaya ya William Boyd ya mwaka 1982 iliyojengwa juu ya vita hivyo. Habari za wapagazi bado ni haba, lakini zimezidi sentensi moja.

Nikiri kwamba kwa muda nilikuwa mlalamishi. Niliingia maktabani nikakuta meza zimejaa na rafu hazina mtu. Vijana wamekuja na daftari zao na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, wamechomeka simu ukutani, wanatumia intaneti, wanaondoka bila kushika kitabu hata kimoja. Nilimwambia mkutubi, kijana wa kike wa umri wa binti yangu, kwamba wamegeuza maktaba ukumbi wa kuchajia. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, wewe ulikuwa unakuja kusoma kwa sababu kwenu kulikuwa na nafasi?"

Nikakaa kimya. Kwetu tulilala sita chumba kimoja, taa moja. Kwa shangazi tulikuwa tisa. Ile sakafu ya nta niliipenda kwa sababu hakuna aliyeniita nikachote maji.

Nilipostaafu nilifanya nilichopaswa kufanya ile jioni ya usingizi. Nilizunguka na daftari Salaita, Maktau, Mwatate, hadi chini ya mlima Kasigau. Aliyeona kwa macho hakuwepo tena. Niliwapata watoto wao na wajukuu, nikaandika walichosikia, wakipingana waziwazi. Hata jina Salaita lenyewe: wapo wanaoapa kwamba limetokana na neno la Kiingereza la kuchinja, kwa ajili ya damu ya vita. Mimi sisadiki, linanukia maelezo ya waongoza watalii, lakini nimeliandika. Nikachapa kurasa arobaini kwenye saiba moja Voi, zikatiwa jalada la plastiki na waya, nikachukua nakala mbili na kupanda nazo maktabani.

Mkutubi yule alizipokea kwa mikono miwili. Akafungua, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Nilianza kujisikia vizuri.

"Mwalimu, hakina ISBN."

Namba hiyo, akanieleza, kwa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba yenyewe, na si kazi ngumu kuiomba. Nikasema nitaiomba. Akavuta penseli.

"Sasa, tukiweke wapi? Haya ni masimulizi. Kuna 398, ya ngano na mapokeo."

"Si ngano hizi. Watu walikufa."

"Basi 967.62, Kenya." Akasita. "Ila atakayetafuta vita vya Salaita ataelekezwa 940, kule kwenye vile vingine. Huku hatakiona."

Tulitazamana. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake babu yangu hakuwahi kuvuka bahari hata kwa ndoto, kumweka Ulaya leo itakuwa ni kumpagaza mara ya pili. Lakini alikuwa na haki: mimi mwenyewe nilikipata kilima changu kule.

"Zipo mbili," akasema. "Moja huku, moja kule?"

Nikamwambia afikirie, hakuna haraka. Alikuwa ameitwa upande wa kompyuta, kuna mtoto aliyesahau nywila. Nakala zikabaki juu ya meza ya mbele bila namba. Nilipochukua fimbo yangu na kuaga, mvulana mmoja wa sare ya shule alikuwa amekosa soketi ya karibu, waya wake ni mfupi; akaisogeza nakala ya juu hadi ukutani, akailaza simu juu yake ikichajiwa, akafungua daftari la hesabu.

Jalada la plastiki litahimili joto la simu. Nilimwacha.