Usiku ambao mtoto anauliza

Hapa kwetu Bunia, ukisema Pasaka, watu wanafikiria njia ya msalaba, nguo mpya za watoto na kuku ndani ya sufuria. Wachache wanakumbuka kwamba jina hilo tumelirithi kwa Wayahudi, na kwamba wao wanakula Pasaka yao mpaka leo. Tena si Yerusalemu tu. Kuna Wayahudi ng'ambo ya Ziwa Albert, weusi kama sisi, wanaolima kahawa na ndizi karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda. Wanaitwa Abayudaya. Mimi nilikula Pasaka pamoja nao mara moja, mwaka 2012, na tangu ile siku kuna desturi imeingia ndani ya nyumba yangu. Ndiyo ninataka kueleza.

Asili yao ni mtu mmoja, Semei Kakungulu. Alikuwa mkuu wa vita, Muganda, aliyewasaidia Waingereza kuishika ile sehemu ya mashariki. Alitumaini watamfanya mfalme, lakini hawakumfanya. Akarudi kwenye Biblia, akashikamana na vitabu vya Musa, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wana wake. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia tohara ni jambo la Wayahudi, naye akajibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Alifariki mwaka 1928, akawaachia watu wake imani ambayo hakuna mmisionari aliyewaletea.

Kisha likaja giza. Idi Amin alipotawala, tangu 1971, dini yao ilikatazwa na sinagogi zikafungwa. Wengi walihamia dini zingine. Kutoka watu karibu 3000 walibaki mamia machache tu, waliosali kwa siri, usiku, sauti chini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mangaribi ya siku hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza! Kwa hiyo wao wakisimulia kutoka Misri, Farao wao wanamjua kwa sura.

Mimi nilifika pale juu ya mjomba wangu, ambaye alikuwa anafanya biashara ya kahawa Mbale. Wakulima wa pale, Wayahudi, Waislamu na Wakristo, waliunda ushirika mmoja mwaka 2004, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Jina hilo lilinishangaza, mimi mtu wa Ituri. Nikatumia likizo ya Pasaka, nikapita njia ya Mahagi mpaka Kampala, halafu Mbale. Tarehe 6 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu yetu, tulipanda kilima cha Nabugoye.

Juu ya meza kulikuwa mikate mikavu, bapa, isiyotiwa chachu, juu ya wale waliokimbia Misri hawakungoja unga uumuke. Kulikuwa majani machungu kwa kukumbuka utumwa, na maji ya chumvi kwa kukumbuka machozi. Lakini mimi mwalimu nilishangazwa na jambo lingine. Ibada haianzi na mahubiri ya wazee. Mtoto mdogo ndiye anasimama na kuuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine. Ni desturi: mtoto asipouliza, mkubwa amfundishe kuuliza. Na wazee wanapaswa kumjibu kuanzia mwanzo, kuanzia aibu ya utumwa, siyo kuanzia ushindi.

Walipofika kwenye mapigo ya Misri, kila mmoja alitoa matone ya divai kutoka kikombe chake. Nikauliza sababu. Muzee aliyeketi karibu yangu akaniambia: "Mwalimu, wale Wamisri nao walikuwa watu. Kikombe cha furaha hakiwezi kujaa kama mwingine alikufa."

Baadaye mlango ukafunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya. Yule muzee akauangalia muda mrefu. "Wakati wa Amin," akasema, "mlango huu tulikuwa tunaufunga kwanza, ndiyo tunasali."

Hapo nilimkumbuka mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka 8, na kabla ya safari aliniuliza: "Papa, juu ya nini sisi hatupitake kamwe kwa ile barabara ya Mudzi-Pela?" Nilimwambia: "Soma masomo yako." Mimi, mwenye diploma ya pedagogia, ninayefundisha wengine jinsi ya kujibu watoto!

Ukweli ni huu. Mwezi wa tano 2003, vita ilipoingia Bunia, mkubwa wangu aliuawa kwenye ile barabara. Na mimi nilifichwa siku tatu nyuma ya magunia ya makala, na jirani wa kabila ambalo watu walisema ni adui yetu. Nilinyamaza juu ya mawili yote. Nilifikiri nikisimulia kifo, mtoto atajifunza chuki. Kumbe ukimya wangu ulikuwa mlango uliofungwa, na mimi ndani.

Niliporudi nilimwita, nikamwambia yote, uchungu na wema pamoja. Tangu hapo, kila mwaka usiku wa Pasaka, kisha kula bugali na sombe, mtoto mdogo wa nyumba anauliza, na mimi ninajibu. Ninataja mkubwa wangu. Ninataja jirani. Ninasema pia kwamba kule kwa jirani walilia kama sisi.

Sisemi tugeuke Wayahudi, sisi tuko Wakristo. Ninasema tu kwamba kutoka mwisho wa 2017 moto uliwaka tena Djugu, watu wengi wakakimbilia hapa kwetu, na masomoni mwetu kuna watoto wenye maswali ambayo hakuna mkubwa anataka kuyasikia. Mtu anaweza kutoka Misri na bado akaogopa swali la mtoto wake.

Pasaka iliyopita ilikuwa zamu ya binti yangu mdogo. Nilipomaliza kusimulia, akaongeza swali lake mwenyewe: "Na yule jirani, sasa iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumtafuta. Sasa tunamtafuta.