Pikipiki ya Safari Hupimwa Ikianguka

Anayeondoka Dodoma alfajiri kwa pikipiki siku hizi anakunywa chai Kondoa, anakula mchana Babati, na jua halijazama yuko Arusha. Ni zaidi ya kilomita 400, lami mwanzo mwisho. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na kabla ya hapo ndicho kilichokuwa kikwazo. Hata lami ya Morogoro ilipokwisha kufika Dodoma, madereva wengi wenye safari ya Arusha waliona heri wazunguke Chalinze, Korogwe na Moshi, njia ya karibu mara mbili kwa urefu, kuliko kukatisha Kondoa.

Mimi sikuwa na hiari. Nilikuwa mpima ardhi, maeneo yangu ya kazi yalikuwa hukohuko, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ofisi ilinikabidhi Honda XL125S. Tangu hapo nimebadilisha pikipiki na nimebadilisha mawazo. Nayaandika haya kwa sababu vijana wengi wanaoingia katika safari za masafa marefu swali lao la kwanza ni ukubwa wa injini, na kwa maoni yangu hilo ni swali la nne au la tano.

XL ilikuwa na silinda moja, mipigo minne, sauti ya upole. Mwenzangu wa idara ya afya alipewa Yamaha DT125 ya mipigo miwili. Mlimani aliniacha kila mara, lakini alihangaika na mafuta ya aina mbili: petroli, na oili inayokaa kwenye tenki lake dogo na kuungua pamoja na petroli. Miaka ile petroli yenyewe ilikuwa ya kutafutwa, na oili nzuri ya mipigo miwili ndiyo usiseme. Kwetu pikipiki bora ilikuwa inayokunywa kidogo na isiyochagua.

Njia hiyo ina makorongo ya mchanga, makavu kiangazi, mito kamili baada ya usiku mmoja wa mvua. Kuvuka korongo kavu kuna utaratibu wake. Unashusha gia kabla ya kuingia. Unasimama kwenye vikanyagio, unasogeza kiuno nyuma ili mbele pawe pepesi, unatazama ng'ambo badala ya kutazama tairi, na mkono wa mafuta haurudi hata uyumbe vipi. Ukifunga mafuta katikati, gurudumu la mbele linazama, usukani unakata upande mmoja, na wewe uko chini. XL ilinisaidia kwa kitu ambacho nimekikuta katika pikipiki zote nilizozipenda baadaye: gurudumu la mbele la inchi 21. Likikutana na jiwe au ukingo wa shimo, gurudumu kubwa hupanda taratibu pale ambapo dogo lingegonga. Na XL ikilala niliiinua peke yangu, maana ilikuwa na kilo 100 na kidogo. Wakati huo sikuihesabu hiyo kuwa sifa. Nilidhani ndivyo pikipiki zilivyo.

Kisha nikaiona BMW. Ilikuwa karibu na Kolo, kule kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wajerumani wawili, mume na mke, walikuwa wamesimama kivulini na R80 G/S moja. Silinda mbili zimetokeza kushoto na kulia, injini ya karibu cc 800, masanduku ya chuma pande zote. Nyuma hakuna cheni. Nguvu inapita ndani ya mhimili uliofunikwa, na gurudumu limeshikwa upande mmoja tu, unafungua boliti tatu linatoka. Kampuni ilikuwa imeitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol alishinda mbio za Paris–Dakar akiwa juu ya BMW ya aina hiyo. Vumbi la Kondoa lilikuwa halina la kufanya kwenye mhimili ule, wakati mimi nilikuwa natembea na chupa ya oili na mswaki wa kusugulia cheni. Niliitamani kwa moyo wote.

Walipoanza kuondoka, gurudumu la mbele likaingia kwenye vumbi laini na pikipiki ikalala. Mume alishika usukani, mke akashika keria, nami nikaingia katikati, ndipo ikainuka. Yule bwana akanieleza, kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni, kwamba huko Sahara walilazimika mara nyingi kufungua mizigo yote kwanza, kuinua, kisha kufunga upya. Walikuwa wawili, wenye afya, na bado. Nilirudi kazini nikiiwaza pikipiki ile, na nikiyawaza maneno yake pia.

Pikipiki yangu mwenyewe niliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msafiri mmoja alikuwa ameiacha Yamaha XT600Z Ténéré kwenye gereji Arusha, na fundi alikuwa akiiuza. Ténéré ni jina la jangwa la Niger. Yamaha waliizindua mwaka 1983, baada ya XT500 kushinda mbio za Dakar mara mbili za kwanza, mwaka 1979 na 1980, mshindi akiwa Cyril Neveu. Silinda moja, cc 595, kuwaka kwake ni kwa kupiga kiki, na tenki la lita zipatazo 30. Kwa mtu aliyezoea kufunga madumu kwenye keria, tenki lile lilikuwa uhuru mtupu. Nilijaza Arusha, nikafika Dodoma, na ndani bado yamebaki.

Niliipenda kuliko chombo chochote nilichowahi kumiliki. Kwenye vile vimatuta vya mfululizo vinavyoifanya barabara ya vumbi ifanane na bati, XL ilikuwa ikinitikisa mpaka vidole vinakufa ganzi. Ténéré ukiifikisha kilomita 70 hivi kwa saa ilianza kupita juu kwa juu, magurudumu hayashuki tena kwenye mabonde, na shokapu zake ndefu zinamaliza kazi iliyobaki. Kuna asubuhi za baridi nilizopanda nayo milima ya Bereko, injini inadunda polepole kwenye gia ya tatu, ukungu mbele, harufu ya udongo uliolowa, na sikutaka kuwa mahali pengine popote duniani.

Mke wangu alikuwa na kipimo chake, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa nyuma. Kwake pikipiki ni kiti, mahali pa kuweka miguu, na mtetemo. Kwa kipimo hicho Ténéré ilishindwa siku tuliyokutana Babati na rafiki yangu, mfanyabiashara wa Arusha, aliyekuwa amejiletea Honda XRV750 Africa Twin kutoka Ulaya. Honda walishinda Dakar mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989, kwa NXR750, na Africa Twin, iliyoanza na cc 650 mwaka 1988, ilikuwa njia yao ya kumpa mtu wa kawaida kitu cha sura hiyo. Tulibadilishana pikipiki. Silinda mbili zinafanya injini itulie, kioo cha mbele kinakata upepo, kiti ni kipana. Tulipofika lami ya Makuyuni mke wangu alikuwa ananionyesha twiga. Arusha alinishauri, kwa upole na bila kuzunguka, niuze ya kwangu.

Sikuuza. Siku chache kabla, rafiki yangu alikuwa ameileta Honda yake hadi Kondoa, nami nilimwona mchangani. Ile XRV750 ilizidi kilo 200 kabla ya kutiwa mafuta, na tenki likijaa uzito wake unakaa juu. Ténéré ilikuwa nyepesi zaidi kwa karibu kilo 60. Yeye ana nguvu kunishinda, lakini alikuwa anatoka jasho pale ambapo mimi nilikuwa nimeketi napita. Ilipolala tulikuwa wawili, hatukuhangaika. Lakini yeye mara nyingi hupita peke yake. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu pikipiki ya safari namuuliza kwanza: ikianguka mbali na watu, nani ataiinua? Nguvu za injini unazihitaji mara mojamoja. Kuinua, ukiwa kwenye njia za vumbi, kuna siku yake, na siku hiyo haikupi taarifa.

Swali langu la pili linahusu fundi, na hilo nilifundishwa na bodaboda. Zilienea nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2010 zikawekewa kanuni za leseni ya kubeba abiria. Tunazizungumzia kwa habari ya ajali na ajira, na ni haki, lakini kwa msafiri wa masafa marefu zilileta mabadiliko makubwa kuliko hata lami. Zamani fundi wa pikipiki ulimtafuta Kondoa mjini au Babati. Katikati ulikuwa wewe na mfuko wako wa spana. Baada ya bodaboda, kila penye maduka matano pana kijana chini ya mti mwenye plagi, cheni, nyaya za klachi na mipira ya ndani. Ila vyote ni vya Boxer, TVS na Sanlg. Ténéré yangu ikawa mgeni.

Karibu na Kelema mwiba wa mgunga ulinipasulia mpira wa mbele, na viraka nilivyokuwa navyo havikushika kwa joto. Mpira wa inchi 21 kijijini haukuwepo. Kijana mmoja akasema tungoje. Akakata kipande cha raba mbichi, akakiweka juu ya tundu, akakibana kwa pistoni kuukuu iliyofungwa kwenye kibanio cha skrubu. Ndani ya ile pistoni akamimina mafuta ya taa, akawasha. Moto uliwaka pale kama dakika kumi, raba ikayeyuka na kuwa kitu kimoja na mpira. Kiraka kile kiliishi kuliko mpira wenyewe. Ujuzi ule ulikuwepo kwa sababu bodaboda zilikuwepo.

Rafiki yangu leo ana Africa Twin mpya, ile ambayo Honda waliirudisha mwaka 2016 ikiwa na cc 998. Yake ni aina isiyo na klachi ya mkono. Gia zinajibadilisha zenyewe. Nimeiendesha hadi Kondoa na kurudi, na nasema bila kinyongo kwamba sijawahi kupanda pikipiki inayofunga breki kwa utulivu namna ile, wala inayovumilia upepo wa basi linalokuja kasi bila kukusukuma kando. Mtu anayekwenda Lusaka au Kigali akiwa na mwenza wake na mizigo, aichukue. Ila njia ya Kondoa imejaa vijiji, kila kijiji kina kibao cha 50, na mbele yake huenda yuko askari wa tochi. Mwenye cc 998 na mwenye cc 125 wanatofautiana muda wa kunywa chai na chapati.

Nilipostaafu magoti yalikataa kiki. Ténéré nilimuuzia kijana wa Moshi anayeitunza vizuri, nikanunua Yamaha XTZ125. Ina uzito usiofika kilo 120, kibonyezo cha kuwashia, na gurudumu la mbele la inchi 21. Kilomita 80 kwa saa inakwenda siku nzima bila manung'uniko. Natoka lami nikitaka, naingia njia za Haubi hadi ziwani, nikianguka nainuka nayo.

Kinachonifurahisha zaidi kuliko pikipiki yoyote ni watu. Kwa miaka mingi aliyesafiri kwa pikipiki barani kwetu kwa ajili tu ya kusafiri alikuwa mgeni. Mwingereza Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500, akashuka Afrika yote. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walipita kwetu na BMW za cc 1200 wakielekea Cape Town, na magari yamebeba watu na vifaa vyao. Sisi tulikuwa wa kupunga mkono kando ya barabara. Sasa mwisho wa juma nakutana na makundi ya vijana wa Dar es Salaam na Dodoma, wengine na pikipiki kubwa, wengi na za cc 150 zilizofungwa mabegi kwa mipira, wakienda kuona nchi yao. Wananiita mzee, wananiuliza habari za njia, nami huwajibu kwa kirefu kuliko walivyotarajia.

Mmoja wao ni mpwa wangu, muuguzi hapa Dodoma, mwenye Boxer ya cc 150. Kiangazi hiki tunakwenda Iringa kupitia Mtera. Ameshaniuliza, "Mjomba, utaniweza mlima wa Nyang'oro?" Nimemwambia tutajua hukohuko. Mizigo yake tumeipima, tumepunguza sufuria moja na viatu vya pili. Ametaka kujua kwa nini mimi nabeba mipira miwili ya mbele na yeye nimemwachia mmoja. Nimemweleza kwamba wake anaupata duka lolote kuanzia hapa hadi Iringa, hata kwa mkopo, na wangu nimeuagiza kutoka Dar es Salaam.