Jioni Jua Lilipopatwa

Mji Mkongwe umeuelekeza uso wake magharibi. Majumba ya Shangani na Forodhani yamekipa kisiwa kisogo, yakaikabili bahari na mkondo unaoitenga Unguja na bara. Ndiyo maana wenyeji wake hulijua jua la kuchwa kuliko la kuchomoza. Kila jioni vijana hujitupa majini kutoka ukutani, wazee hushuka kupunga upepo baada ya Alasiri, na jua huteremka mbele ya macho ya wote mpaka muadhini aite. Na kila unapofika mwisho wa mwezi wa Kiislamu, yapo macho ambayo hayaondoki hata jua likishazama. Hubakia yakiutafuta mwezi mwandamo, ule uzi mwembamba ambao kwa huo watu hufunga na hufungua.

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, kilichotafutwa magharibi kilikuwa ni jua lenyewe. Kivuli cha mwezi kilianzia bahari ya Atlantiki, kikaingia bara la Afrika kwa Gabon, kikapita Kongo na kaskazini ya Uganda, kikafika Turkana nchini Kenya na kuishia Somalia wakati wa kuchwa. Waliosimama ndani ya ujia ule mwembamba, kama watu wa Pakwach, walipata sekunde chache za jua kufunikwa lote. Unguja ilikuwa mbali kusini, na fungu lake lilikuwa ni sehemu tu: kipande cha upande wa kulia, ulio wa kaskazini, kikazidi kuliwa hadi mnamo saa 11:30 jioni, jua likiwa limebakisha chini ya saa moja kuzama.

Katika kiwanja kidogo cha Shangani, chini ya mkungu, mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya kiti ameipa bahari mgongo. Mbele yake palikuwa na ukuta uliopakwa chokaa. Mjukuu wake, msichana wa skuli, alikuwa na kipande cha kioo cheusi namba 14 alichoazimwa na jirani yao, fundi wa kuchomea vyuma.

“Babu, jua liko huku. Limeshaanza.”

“Najua, mama. Tazama wewe, lakini usiliinulie macho bila ya kioo, hata likikuonesha upole.”

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Jua la jioni hughilibu. Limezoeleka kutazamwa, na linapopatwa mwanga wake hupungua hata mtu akadhani limekuwa rafiki. Lakini kile kipande kinachosalia huchoma vilevile, na sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea nuru haina maumivu ya kumwonya mwenyewe. Mtu huunguzwa naye anatabasamu.

Yeye aliunguzwa Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980. Siku hiyo jua lilipatwa kabla ya adhuhuri, na njia ya giza kamili ilikatiza Tanzania Bara na kusini ya Kenya. Unguja ilipata sehemu kubwa. Alikuwa kijana mwenye macho makali, mmoja wa wale walioitwa kila tarehe 29 kwenda kuutafuta mwezi. Alilitazama jua wazi wazi, kwa kuwa aliamini macho yake hayashindwi na kitu. Asubuhi ya pili aliamka na doa katikati ya kila alichokikodolea. Uso wa mtu aliuona pembeni, katikati pakawa na ukungu. Doa lile halikumtoka tena.

Hakumwambia mtu. Na miaka michache baadaye, jioni ya tarehe 29 Shaabani, alisimama ufukweni pamoja na wenzake kama kawaida. Mmoja akanyosha kidole. “Umeuona?” Wote wakamgeukia yeye, kwani ndiye aliyekuwa jicho lao. Akasema, “Nimeuona.” Hakuwa ameona chochote ila wekundu wa mawingu. Wengine waliuona kweli, saumu ya watu haikuharibika, na hakuna aliyejua. Lakini tokea hapo hakwenda tena kuutafuta. Mji ulipozidi kugawika baina ya wanaofuata mwandamo wa hapa na wanaofuata wa Makka, watu walidhani amejitenga kwa ajili ya mjadala huo. Akawaacha wadhani.

Waliohesabu pamoja na Makka, jioni ile ya 2013 ilikuwa ni ya tarehe 29 Mfunguo Tatu 1434, na mjini hawakukosekana wenye hesabu nyingine. Lakini kwa saa ile hapakuwa na la kubishania. Jua haliwezi kupatwa ila mwezi uwe umepita baina yake na sisi, yaani mwezi wa zamani umekwisha na mpya haujaonekana. Mtu mwenye macho mazuri huhitaji kiasi cha saa 15 au zaidi baada ya hapo kabla hajaweza kuuona. Kwa hivyo mwezi ulikuwa pale mbele ya kila mtu, mweusi, na kila mtu alijua kwamba usiku ule hautaandama.

Baadhi ya watu waliingia misikitini kuiswali kusufi, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Unguja, wakati wake hukatika jua likifunguka au likizama hali limepatwa, na kwa hivyo jioni haikutoa nafasi ya kuchelewa. Asili ya swala hiyo inajulikana. Mwaka wa 10 Hijria jua lilipatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, na watu wakasema limemlilia. Mtume alikataa. Jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Mzee alikuwa akikikumbuka kisa hicho mara kwa mara, kwa kuwa ndani yake yumo mfiwa aliyepewa ushahidi wa kumtukuza naye akaurudisha.

“Babu, tazama ukutani!”

Mianya ya majani ya mkungu, ambayo kila siku huangusha madoa ya duara kwa kuwa jua ni duara, sasa iliangusha hilali. Zilikuwa kadhaa wa kadhaa, pana kama kiganja cha mtoto, zikitikisika pamoja kila upepo ulipopita. Mzee aligeuza kichwa pembeni kidogo, kama alivyojizoeza kwa miaka 33, na akaziona.

“Hizi naziona,” alisema. Kisha, bila ya kuulizwa, akamsimulia mtoto habari ya jioni ile ya Shaabani. Msichana hakusema neno. Aliendelea kukishika kile kioo mapajani mpaka hilali za ukutani zikaanza kunenepa, zikawa nyekundu, zikazimika, na Magharibi ikaadhiniwa.

Jioni ya pili yake, Jumatatu, mzee alishuka ufukweni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, amemshika mjukuu mkono. Mawingu ya vuli yalikuwa yamejipanga chini, upande wa bara. Watu wachache walikuwa wamesimama wakitazama.

“Umeuona?” alimuuliza.

Mtoto alitazama kwa muda mrefu. “Sijauona, Babu.”

“Basi wakikuuliza,” mzee alisema, “sema hivyo hivyo.”