Staa Kapiga Sindano ya Homoni, Mjomba Wangu wa Ilula Naye Akaitaka

Wadau, mnamkumbuka yule staa wetu wa zamani, yule aliyepotea mjini na kitambi chake halafu akarudi kifua kimejaa na fulana inambana? Jina siweki, mnanijua. Wiki ile alipotoa video akisema anachoma sindano ya testosteroni na amekuwa kijana upya, nilikuwa wa kwanza kumwandika hapa. Nikabandika emoji za kucheka, mkashusha komenti mpaka simu ikapata moto. Nilichosahau ni kwamba na mimi nina ndugu wanaosoma blogu hii.

Jumapili yake saa tano usiku simu ikaita. Mjomba, Ilula.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hapo ulipo uko peke yako?"

Nikajua ni ishu nzito. Mjomba wangu huwa anapiga simu moja kwa mwezi, na anaongea kwa sauti utadhani bado yuko barabarani anashindana na honi za malori. Usiku ule alikuwa ananong'ona. Akauliza ile sindano ya yule jamaa inapatikana wapi.

Kwa ambao hamjawahi kufika, Ilula ni pale juu ukishamaliza Mlima Kitonga unaelekea Iringa mjini, nyanya zimepangwa kandokando ya barabara. Mjomba ana miaka 47, ni dalali wa hizo nyanya. Analala saa nane usiku baada ya fuso kuondoka, anaamka kumi na mbili kwenda shambani kwa wakulima. Mvua zikianza na ulanzi nao unaanza, na ulanzi wa kule haunywewi glasi moja. Mama wa watoto wake wakubwa alifariki. Ameoa tena miaka mitatu iliyopita, mkewe ana 29, na hawajapata mtoto. Mtaani wameshaanza kuwahesabia miezi.

Akanifungukia. Amechoka muda wote, hamu imepotea, akiingia chumbani anajifanya amelala. Vumbi la Kongo ameshalijaribu, likamtoa jasho tu na moyo kumwenda mbio. Ndipo akatokea jamaa wa kumuuzia chupa nne za sindano kwa 350,000. Hela alikuwa nayo, ya mbolea. Na kipimo alishapima: 214, na chini ya 300 ndiyo wengi wanaita upungufu. Kwa hiyo kwake yeye mjadala ulikuwa umeisha, alibakiza kunitaka mimi nimhakikishie dawa siyo feki.

Kiukweli ningeweza kumjibu "piga tu mjomba" nikalala. Nilichofanya ni kumwomba siku mbili.

Mimi si daktari, shule niliishia kidato cha nne, lakini kusoma najua. Kitu cha kwanza nilichokuta ni kwamba hii homoni inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Asubuhi iko juu, jioni imeshuka, na ukikesha inashuka zaidi. Ndiyo maana madaktari wanataka damu itolewe asubuhi, na irudiwe asubuhi ya siku nyingine kabla mtu hajaambiwa ana upungufu. Nikampigia: mjomba, ulipima saa ngapi? Saa kumi jioni. Usiku wake ulilala? Tulikuwa tunapakia.

Basi ile 214 ilikuwa imepima na fuso ndani yake.

Cha pili ndicho kilichonikalisha chini. Ubongo ndio unaotuma amri kwenye korodani zitengeneze homoni na mbegu. Ukichoma testosteroni kutoka nje, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kutuma amri. Mbegu zinapungua, kwa wengine zinafika sifuri kabisa. Ukiacha sindano zinarudi, lakini ni miezi, wengine zaidi ya mwaka. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuzifanyia sindano hizi majaribio kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakatoka mwaka 1990. Uzazi wa mpango, jamani! Na mjomba alikuwa anazitafuta ili ampe mkewe mtoto.

Nilipomwambia alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Yule muuzaji hakuniuliza kama nataka mtoto."

Msinielewe vibaya, sisemi hii dawa ni uongo. Wapo wanaume ambao korodani zao zimeharibika au tezi ya ubongoni ina shida, na hao sindano inawarudisha kwenye maisha. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema wazi kwamba dawa hizi ni kwa watu wa namna hiyo, siyo kwa kila ambaye umri umemshusha. Hata wasiwasi wa moyo umepungua kidogo: utafiti mkubwa uliotoka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80, haukukuta mshtuko wa moyo wala kiharusi vikiongezeka kwa waliotumia. Ila ulikuta mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia vikiwa vingi kidogo upande wao. Ndiyo maana anayetumia anafuatiliwa damu yake na daktari. Muuza chupa nne hafuatilii kitu.

Nikapanda basi. Tulikutana Iringa mjini saa moja asubuhi, mjomba kavaa koti la kanisani kama anakwenda kuposa. Nilimwambia alale mapema siku mbili na ulanzi aupumzishe, akafanya, ingawa kwa kununa. Daktari tuliyempata hakucheka, hakushangaa. Alimuuliza mambo ambayo mimi mpwa wake niliona nitoke nje, nikatoka.

Damu ya asubuhi ya kwanza ilikuja na 322. Ya wiki iliyofuata, 309. Pale pale mpakani, siyo ya kujivunia, lakini siyo 214. Kilichomshtua daktari ni kingine: sukari kabla ya kula 8.1 wakati kisukari kinaanzia 7, na presha 152 kwa 96. Akamweleza kwamba sukari na presha vinaharibu mishipa, na kwamba kitambi chenyewe kinashusha homoni. Akapewa dawa za hivyo viwili, akaambiwa apunguze uzito na apate usingizi, halafu homoni ipimwe tena baada ya miezi mitatu. Kama bado iko chini, kuna dawa nyingine zinazoweza kuamsha korodani bila kuua mbegu, hayo watajadili wakati huo.

Kisha akauliza: mkeo anajua umekuja? Hakuwa anajua. Kwa miaka mitatu yule dada amekuwa akimeza mizizi ya kila aina akiamini tatizo ni lake, na mwenzake amempa mgongo kila usiku akidhani anaficha aibu. Mjomba alinielekeza niende nikanunue chai. Niliporudi alikuwa kwenye simu, analia, na upande wa pili nasikia sauti ya mwanamke anamwambia, "Sasa kwa nini hukusema?"

Wiki hii wamekwenda wote wawili, yeye kupima mbegu, mkewe vipimo vyake. Majibu bado. Mjomba ameniruhusu niandike, sharti moja tu, jina nisiweke. Zile 350,000, nusu imeishia maabara na nusu imerudi kwenye mbolea.

Staa wetu naye wiki iliyopita mtu kaniletea inboksi stori ya yeye na mchumba wake kuhangaika na hospitali. Sijaijibu. Ile posti yangu ya zamani bado ipo, ila emoji nimezifuta.