Kaskazini ya Bwejuu na kaskazini ya Johannesburg

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni. Hivi mnajua kwamba kaskazini ziko mbili? Ipo ya ramani, na ipo ya dira, inayofuata sumaku ya ardhi. Tofauti yake hubadilika kwa mahali na kwa miaka. Hapa Unguja dira inavutwa magharibi digrii kama 3 hivi. Johannesburg ni karibu 20.

Somo hili nimelipata Bwejuu, kwa rafiki yangu anayesoma jiolojia. Alikuwa akipima nyufa za uwanda, yale mawe ya matumbawe ya kale ambayo ukiyakanyaga pekupeku utajuta. Kila ufa anauandikia namba mbili: unaelekea wapi, na umeinama kiasi gani. Jioni anaziingiza kwenye Stereonet, programu ya bure ya Richard Allmendinger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, nayo inachora nyufa zote kwenye duara moja.

Nyufa za nini? Mawe yale hayachuji maji kama mchanga. Maji hupita mbio kwenye nyufa na mapango, na ya shimo la choo hupita humo humo. Pale pana nyumba ya wageni, na kiasi cha mita 200 kutoka shimo lake, upande wa pwani, pana kisima cha watu.

Mchoro wa kwanza ulionyesha nyufa kuu zinakipita kisima kwa mbali. Mwenye nyumba angefurahi! Lakini rafiki yangu akagundua kwamba faili alilopewa na mwenzake lilikuwa limetengenezwa kwa kazi za Afrika Kusini, na lilikuwa linazungusha kila kipimo digrii 20. Programu haikuulizi uko wapi, inatii tu. Digrii 17 za ziada, kwa mita 200, ni kama mita 60 kando. Kisima kizima kinapotea hapo.

Akazirudisha digrii hizo 17 kwa mhimili wa wima, ili mwinamo wa nyufa usiguswe. Ukitumia mhimili uliolala unafanya kazi nyingine kabisa: unazilaza tena tabaka zilizoinamishwa na ardhi, uone zilivyokuwa zamani. Bwejuu tabaka zimelala karibu sawa, hakuna cha kulaza.

Mstari mpya ukapita karibu kabisa na kisima.

"Basi tusinywe, wanangu?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa akichota.

"Ufa unatuonyesha njia tu, bibi. Maji yenyewe lazima yapimwe. Kwa sasa yachemsheni."

Bibi akauliza kuni za kuchemshia ndoo zote zile atazitoa wapi. Hatukuwa na jibu.

Chupa mbili zimeshapelekwa maabara. Rafiki yangu anataka pia kutia rangi isiyo na madhara kwenye shimo, kisha angoje kisimani aone kama itatokea. Mwenye nyumba ya wageni anasema bado anafikiria. Majibu ya chupa yakitoka nitawajuza.