Bakteria wanaosaidia kutengeneza prednisoloni

Katika kambi za wakimbizi wa ndani, mama mwenye mtoto wa pumu anaijua prednisoloni vizuri. Hema linajaa moshi wa kuni, mtoto anakohoa usiku kucha, na asubuhi muganga wa kituo cha afya anaandika vidonge vya siku chache. Ni kidonge kidogo, cha bei nafuu. Zamani ndugu zake hawakuwa hivyo.

Mwaka 1948, kule Marekani, Philip Hench wa Mayo Clinic na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi ambaye alikuwa anatembea kwa shida kubwa. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipata tuzo ya Nobel. Lakini kampuni ya Merck iliitengeneza dawa hiyo kutoka nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na gramu 1 iliuzwa kwa dola 200. Maskini angeisikia tu redioni.

Mwaka 1952, Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn walitumia ukungu, jamaa wa ule mweusi unaoota juu ya mkate. Ukungu huo ulitia oksijeni mahali panapotakiwa kwa hatua moja tu. Bei ikashuka hadi dola 6 hivi. Mwaka 1955 kampuni ya Schering ikatumia bakteria anayeitwa Corynebacterium simplex kuondoa atomi 2 za haidrojeni. Ndipo prednisoloni ikapatikana: miligramu 5 zake zinafanya kazi ya miligramu 20 za haidrokotisoni.

Anayeloweka muhogo mchungu kwa ajili ya bugali anaelewa kazi hii. Muhogo unakaa majini siku 3 au 4, vijidudu vinaulainisha na sumu inapungua. Kiwandani ni vilevile, ila pipa ni la chuma, hewa safi inaingizwa, joto linapimwa, na vijidudu vingine vinazuiwa. Siku hizi viwanda vingi vinaanza na mabaki ya mafuta ya soya. Bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, lakini wasioleta ugonjwa huo, wanakula mkia wa steroli na kuacha pete zake 4. Kutoka hapo dawa nyingi zinatengenezwa.

Bei nafuu imeleta shida nyingine. Kuna wanaonunua prednisoloni au deksametasoni, ile wanaita dexa, bila karatasi ya muganga, ili wanenepe. Mashavu yanajaa na jirani anasifu, kumbe ni maji na mafuta. Ndani, sukari na presha zinapanda, mifupa inadhoofika, na kinga inashuka hadi kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka.

Tena, mwili uliozoea dawa hii kwa wiki nyingi unapunguza kutengeneza yake wenyewe. Aliyekimbia akaacha vidonge nyumbani anaweza kuzimia, hata kufa. Mtu wa namna hiyo asingoje foleni ya kesho: amwambie muganga siku hiyohiyo jina la dawa na muda aliotumia. Na aliyekuwa anainywa kwa kujificha aseme pia, kwa sababu dawa hii haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo.