Mti Mkavu Katikati ya Shamba

Sisi ni mume na mke, wakulima wa pamba hapa Bariadi, na kabla ya mwaka jana hatukuwahi kushika brashi ila ya kupaka ukuta. Tulianza kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta miezi mitano baada ya kumzika binti yetu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye riziki yake ni kuandika mabango, alituita kwake Jumamosi moja akasema mikono ikikaa bure majonzi huzidi.

Ibadani tulikuwa tunakuja. Ila ilipofika saa ya kuomba tuliinamisha vichwa tukakaa kimya, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake kwamba hana la kusema.

Mzee alitupa nakala ya picha moja tuiige: shamba la rai, lililochorwa na Mrusi Ivan Shishkin mwaka 1878. Rai ni nafaka iliyo ndugu ya ngano. Shamba limeiva, njia inapita katikati, na misonobari mirefu imesimama humo kama mibuyu inavyosimama katika mashamba ya huku kwetu. Picha yenyewe iko Moscow, na upana wake unakaribia mita mbili. Yetu ilikuwa sawa na sinia ya chai.

Tuliwamba kitambaa cha pamba kwenye fremu, tukakipaka rangi nyeupe ya kutangulia, kisha tukapiga miraba kwa penseli juu ya nakala na juu ya kitambaa, ili kilichomo katika mraba huu kiingie katika mwenzake. Kilichotushinda ni mafuta. Tabaka la chini huwa jepesi, lenye tapentaini. Ya juu huongezewa mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, la chini bado linasogea, na picha hupasuka. Wiki ya kwanza shamba letu lilifanana na uji uliomwagika. Mzee akatutuma jioni tukautazame mtama wa jirani ulioiva. Kumbe ile njano ina kahawia, ina kijani, na penye kivuli ina zambarau!

Ugomvi ulikuja kwenye mti. Kati ya misonobari ile mmoja umekauka, hauna hata jani. Mmoja wetu alitaka tuuache.

"Shamba lote limeiva. Huu wa nini?"

"Mwenyewe aliuchora."

Tulirudi nyumbani bila kusemezana.

Mzee alipopata habari alituambia tu kwamba mke wa Shishkin alifariki mwaka 1874, na kwamba aliwazika na watoto kabla ya kuchora shamba lile. Hakuongeza neno. Aliendelea kuosha brashi zake kwa mafuta ya taa.

Jumamosi iliyofuata tuliuchora, mmoja shina, mwingine matawi. Usiku ule tuliomba kwa sauti. Haikuwa sala nzuri, nyingi ilikuwa manung'uniko, lakini jina la binti yetu lilitajwa humo kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Rangi ya mafuta hukawia kukauka. Wiki mbili baadaye tuliugusa ule mti, ukatuacha na doa la kijivu vidoleni.